Springi ya Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na sita. Nimezika kaka watatu, pikipiki nne, na daktari aliyeniambia kwamba nikiendelea kupanda pikipiki sitafika sitini. Yeye hakufika. Mimi nipo.

Leo nimezika pikipiki ya tano. Fundi Plagi ameifungua injini, amechungulia, amefunika na gunia. Anasema chuma kimepasuka ndani na spea zake hazitengenezwi tena popote. Nikamwambia tafuta. Akasema, Kilo, hii nimeitafutia spea tangu nina nywele. Hana hata unywele mmoja.

Kilo ni mimi. Kazi yangu mizani. Mabucha, wauza nafaka, wauza vyuma chakavu, mpaka zahanati wanaopima watoto wachanga — mizani ikianza kusema uongo naitwa mimi. Nabeba mawe yangu ya kupimia kwenye begi, nazunguka mji mzima. Na mkono wangu wenyewe ni mizani. Nipe kitu nishike, nitakutajia uzito, ukabishe dukani, urudi unaniamkia.

Shule niliishia darasa la tatu. Lakini kuandika naandika, na mwandiko wangu unasomeka kuliko wa madaktari. Naandika ili watu wa maduka wasinizungushe. Pikipiki haichaguliwi kwa kelele.

Nataka ya katikati. Ndogo ikipandwa na watu wawili barabara kuu inalia kama mbu. Kubwa naiweza, asije mtu akasema siiwezi — ila mjini haipenyi. Siku za kazi initembeze kwa wateja na begi la mawe. Mwisho wa mwezi itupeleke mimi na mke wangu kwa mdogo wake, kule mbali, barabara kuu kutwa nzima. Tumekwenda hivyo tangu tuoane. Basi hataki hata kulisikia. Anasema kwenye basi unaona kisogo cha mtu usiyemjua, kwenye pikipiki angalau kisogo anakijua.

Jumatano, 5 Machi

Duka kubwa, vioo mpaka chini. Dada wa mauzo kaniita babu kabla sijavuka mlango. Akanionyesha za kubebea mizigo. Nikapita kama sijasikia, nikaenda moja kwa moja kwa nyekundu.

Injini ya cc mia nne! Pistoni mbili! Nikaiwasha, nikaweka kofia juu ya tangi. Haikutingishika. Dada akauliza, babu, miguu inafika chini? Inafika. Ncha za vidole zinafika, na kwa mtu anayejua ncha zinatosha. Akasema barabara kuu hii haina mpinzani, ila kwenye foleni za mjini feni inapuliza moto, itakuunguza mapaja. Nikamwambia mapaja yangu yalishaungua kabla mama yako hajaolewa.

Nimeipenda. Nimeondoka lakini roho imebaki pale dukani imekaa juu ya siti.

Ila sinunui bila kipimo changu. Jumamosi narudi na mke wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kipimo changu ni hiki, na hakuna anayekifundisha. Unaingiza vidole kati ya madigadi ya nyuma na tairi. Unakumbuka nafasi. Halafu mke wako anapanda, unaingiza tena. Pikipiki ya watu wawili iliyo nzuri inazama vidole vitatu. Ikizidi hapo, springi ni bwege, kila shimo mtalijua kwa jina. Ikipungua, springi ni ngumu, mtarushwa kama bisi. Pikipiki zangu zote nilichagua hivyo, na abiria wa kupimia ni huyu huyu mmoja.

Amekuja na sweta mbili, jua linachoma. Nikamwuliza anakwenda kuchunga barafu? Anasema maduka haya yana baridi ya mashine. Haya.

Kupanda kumemshinda, nyekundu ni ndefu. Dada wa mauzo kamshika kiuno kamwinua. Alipomwachia akaniangalia mimi kwa muda, sijui alikuwa anaangalia nini.

Nikapima. Kidole kimoja!

Nikapima upya. Kimoja. Nikamwambia dada, huku nyuma mmefunga chuma cha reli. Akasema springi imetoka hivyo kiwandani, abiria wote wanaisifu. Mke wangu kule juu akasema, "Mzee, unachagua pikipiki au mke wa pili? Niteremshe, mifupa inaniuma." Duka zima likacheka.

Ndicho nilichosema. Siti inauma mifupa. Springi ngumu.

Helmeti yake nayo imechoka. Akigeuka, kichwa kinatangulia, helmeti inafuata baadaye. Sifongo ya ndani imekufa. Nimeijaza vitambaa.

Jumapili, 9 Machi

Binti yetu ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho duka lake. Leo nimemkuta anapunguza gauni la bluu. Nikauliza la nani. La mteja, baba. Gauni lile nalijua, nilinunua mimi, nililipa na kubishana juu. Nikamwambia hili la mama yako. Akasema ndiyo, mitindo imebadilika, siku hizi wanavaa ya kubana.

Mke wangu, na umri ule, mitindo ya kubana! Nikacheka peke yangu. Binti hakucheka. Akaendelea kukanyaga cherehani.

Jumanne, 11 Machi

Leo nyeusi, duka lingine. Injini ya cc mia tatu, pistoni moja. Muuzaji kijana mwenye miwani ya jua, kaniruhusu nitoke nayo barabara kuu peke yangu baada ya kumwachia kitambulisho na mawe yangu yote.

Mjini tamu. Inapenya, haichemki. Barabara kuu ikifika tisini usukani unaanza kutetemeka, nikifika mia viganja vinakufa ganzi. Haina kioo cha upepo. Lori likinipita linanifinyanga kifua. Mtu laini angerudi. Mimi sikurudi, nilikwenda mpaka daraja la pili ndipo nikageuza.

Naweza kuivumilia. Siku za kazi ni nyingi kuliko za safari. Na begi linakaa vizuri nyuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempeleka mke wangu kwa nyeusi. Amepanda mwenyewe, ni fupi kidogo. Akapumzika kwanza akiwa ameshika bega langu, ndipo akatupa mguu.

Kidole kimoja.

Nimegombana na kijana wa miwani. Nimemwambia viwanda vya siku hizi vimesahau kwamba binadamu ana mke. Wanatengenezea mtu mmoja aendaye haraka kwenda kusikojulikana. Akasema mzee, jana mteja kaja na mkewe, wameridhika. Nikasema huyo mteja hajui kupima. Mke wangu amekaa kwenye ngazi ya duka muda wote, ameegemea ukuta. Hakunitania. Nilimpa nafasi nyingi za kunitania, hakutumia hata moja.

Nyumbani amekunywa nusu chai, nusu kaniachia. Siku hizi kila kitu ananiachia nusu. Nikamwambia unaninenepesha nisitoshe kwenye siti. Akasema, ndiyo nia yangu.

Jumamosi, 15 Machi

Plagi aliniita gereji kwake. Kuna mwalimu mstaafu anauza yake. Ya kijivu. cc mia mbili hamsini, injini ya kupozwa kwa maji, siti pana, nyuma ina egemeo na vishikio pande zote mbili. Kioo cha upepo kirefu. Fupi! Nimekaa na nyayo zote mbili zimelala chini kama nipo jikoni. Nikamwambia Plagi, hii pikipiki ya kizee. Akasema, na wewe ni nani?

Mke wangu alipanda kama anayekaa kwenye kochi. Akaegemea. Akafumba macho. Akasema hii hapa.

Nikaingiza vidole. Kidole kimoja.

Nikaanza. Nikatukana viwanda, nikatukana mwalimu mstaafu, nikasema springi imeota kutu imekwama. Plagi akachukua spana yake ya ndoano, akarudisha jino la springi nyuma, tena nyuma, mpaka la mwisho la ulaini. Nikapima. Kimoja na kiduchu.

Plagi akaweka spana chini. Akamshusha mke wangu taratibu, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kile asichomkalisha mtu. Halafu akapanda yeye nyuma. Plagi si mnene, mwili wake wa kawaida tu, wa mtu mzima anayekula.

"Pima," akasema.

Nikapima. Vidole vitatu. Vitatu kamili, kama zamani.

Nikasema umeikalia vibaya. Akashuka, akapanda tena. Vitatu.

"Kilo," akasema, sauti ya chini ili mke wangu asisikie, "mizani yako ya bucha ndani ina nini?"

Nikamwambia ina springi.

"Basi wewe si ndiye mtu wa mizani? Soma."

Nilitoa mkono pale kwenye tairi. Nikamwangalia mke wangu kwenye kile kiti. Alikuwa anafunga vifungo vya sweta ya juu. Mikono ya sweta ilikuwa imemfika kwenye vidole.

Jumapili, 16 Machi

Siandiki.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda gereji asubuhi kabla ya wateja. Plagi alinifungulia akatoka nje, akasema anakwenda kutafuta chai. Kikombe chake kilikuwa mezani kinafuka.

Nimefungua begi. Nikapanga mawe ya mizani juu ya siti ya nyuma ya ile ya kijivu, moja moja. Nikawa napima kwa vidole kila nikiongeza. Mpaka ikazama kama ilivyozama Jumamosi. Pale pale.

Nikayahesabu mawe. Nimeyahesabu, nayajua, mengine nilijaza risasi ya kuyeyusha mwenyewe yatimie. Hayadanganyi. Nimejumlisha mara ya kwanza nikasema nimekosea. Nikajumlisha tena.

Namba siandiki. Uzito huo niliwahi kuupima bucha, ni wa mbuzi mmoja mkubwa.

Miaka yote mimi nakamata wauzaji waliopunja. Naweka jiwe moja, natazama mshale, namwambia mtu mbele ya wateja wake: hapa pamepungua. Sijawahi kukosea! Na nyumbani kwangu, kitandani kwangu, pamepungua mpaka kufika hapo nikalaumu viwanda.

Plagi aliporudi nilikuwa nimekaa sakafuni. Alinisaidia kurudisha mawe kwenye begi. Hakunitania. Mtu akiacha kukutania ndipo unajua.

Jumanne, 18 Machi

Mke wangu alikuwa mlango wa nyuma, anaota jua. Nikavuta kigoda. Nikaanza habari za pikipiki, kwamba ya kijivu ina kilomita nyingi lakini injini safi. Akaniacha nimalize.

"Umenipima," akasema.

Nikakataa. Akasema tangu jana huniangalii usoni, unaniangalia mikono, kama unavyoangalia mizani za watu.

Akanieleza. Kuna kitu tumboni. Amekijua muda. Alikwenda hospitali na binti siku ile waliyoniambia wamekwenda kununua vitambaa. Daktari alimwambia arudi alazwe, wamfungue waone. Hakurudi. Nikamwuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ungekwenda kumgombeza daktari kwamba mizani yake mbovu."

Ni kweli. Ningekwenda.

Nikasema kesho tunakwenda hospitali. Akasema hapana. Huyu ndiye aliyenishinda ukaidi maisha yetu yote, watu hawajui, wanadhani mimi ndiye mkaidi nyumba hii. Akasema nimpeleke kwanza kwa mdogo wake. Kwa pikipiki, nyuma yangu, barabara kuu, kama siku zote. Akishamwona, akirudi, atakwenda kulala hospitali wamfanye watakavyo. "Wakishanilaza," akasema, "sidhani kama nitapanda tena kitu."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mke wangu anataka pikipiki kabla ya daktari.

Jumatano, 19 Machi

Binti amenijia juu. Sijamwona hivyo tangu azaliwe. Anasema baba, huyu ni mgonjwa, si mzigo wa kufunga kwa mpira. Anasema tukodi gari, au mdogo wake aje huku. Mdogo wake anaumwa miguu, hatoki kitandani bila fimbo mbili, binti anajua. Gari nalo, mama yake kalikataa, akipanda gari anatapika. Nikamwambia yote hayo mwambie mama yako. Akasema nimemwambia. Nikasema, na?

 Akasema, kama ungemwangalia mapema. Akaishia hapo.

  Nilitoka nje kuosha helmeti ambazo hazikuwa chafu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepita duka la nyekundu. Sikuingia, nilisimama nje ya kioo. Bado ipo. Dada wa mauzo aliniona, akaja mlangoni, akauliza mama hajambo? Hakusema babu. Basi siku ile alipomshika kiuno alijua. Mkono wake mara moja tu ulijua.

Nimeaga nyekundu. Ile ingenifaa mimi. Nyeusi ingelifaa begi. Ya kijivu inamfaa yeye — siti pana, egemeo, haitetemeki, inalala chini mgonjwa apande bila kuinuliwa, na kioo kinachukua upepo wa malori. Tisini inatembea bila kulalamika. Zaidi ya tisini nani ananifukuza?

Nimeichukua. Plagi kaacha springi kwenye jino la ulaini wa mwisho, akapunguza na upepo wa tairi. Anasema hapo ndipo mwisho, Kilo, chini ya hapo hakuna jino. Nikamwambia najua. Akatia mafuta, akapaka mnyororo, kazi ambazo sikumwagiza, alikuwa anatafuta cha kufanya na mikono.

Majirani wameniona nikiingia nayo. Mmoja akapaza sauti, Kilo, umenunua kiti cha wagonjwa chenye injini? Zamani ningeshuka. Nilipiga honi nikapita.

Ijumaa, 21 Machi

Binti ameshinda na cherehani mchana kutwa, wateja wote kawafukuza. Jioni kaniletea mkanda. Mpana, turubai mara mbili, ndani sifongo. Unanizunguka mimi, unamzunguka mama yake, buko, kile kifungo cha chuma, iko mbele kwangu. Ameshona mishono kama ya begi la jeshi. Amenipa bila kuniangalia.

"Usimwache aegemee nyuma tu," akasema. "Akisinzia alale mgongoni kwako."

Nikamwambia mgongo upo. Akalia kidogo. Halafu akanirekebisha kola, kama mama yake afanyavyo.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia kituo cha mafuta, katikati ya safari. Benchi la saruji, kivuli cha bati. Malori yanapita.

Tumetoka alfajiri. Binti alifunga buko mwenyewe, akaivuta mara mbili. Tundu alilotumia ni la ndani kabisa. Plagi alikuja na baiskeli kuangalia tairi, uongo, alikuja kutuaga. Akamwambia mke wangu, shemeji, huyu mzee akizidi tisini mfinye. Akajibu, nitamfinya wapi, amebaki mifupa. Yeye ndiye anayesema hivyo!

Mpaka daraja la pili aliimba. Sauti ndogo, nasikia mgongoni kuliko masikioni. Tukapita pale tulipowahi kupata pancha tukiwa na mtoto mchanga, akanigonga bega kunionyesha. Baadaye akanyamaza. Uzito wote akanilalia. Nimebeba mawe ya kupimia miaka hamsini, sijawahi kubeba kitu chepesi kinacholemea hivi.

Nikaingia kituoni. Nimemfungua mkanda, nimembeba mpaka benchi. Nilimbeba kwa mkono mmoja, mwingine umeshika helmeti. Muuza mafuta akaleta maji bila kuombwa na akauliza turudi au tuendelee, maana mbele kuna mlima na nyuma kuna hospitali.

Hilo ndilo nisilolijua. Kwenda ni saa nyingi kama za kurudi. Tumefika katikati kamili. Nimemwuliza. Amesema ngoja nipumue, usinipangie.

Leo sijapima springi. Glavu sijavua. Mtu asiniambie nipime.

Na mdogo wake huko anasubiri, amepigiwa simu, ameketi mlangoni na fimbo zake mbili tangu asubuhi.

Nikisema nilichagua pikipiki nzuri, najua wapo watakaosema Kilo anajisifu kama kawaida yake, na wapo watakaosema alimchukua mgonjwa akamtembeza juani. Haya. Plagi aliiona springi. Binti aliufunga mkanda kwa mkono wake. Muuza mafuta huyu ametuona tunaingia tuko wawili na mke wangu anatabasamu, hata kama macho yamefumba.

Na shahidi mkubwa ni yeye mwenyewe, yupo hapa, kichwa kipo pajani kwangu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Amefumbua macho. Anaangalia barabara, mimi sijui upande gani. Anayetaka kumwuliza amwulize yeye. Ila aje sasa.